Salamu za Upande wa Kushoto

Kila darasa jipya likianza pale Kibiti ninapofundisha udereva, siku ya kwanza hakosi mmoja wa kunyoosha mkono na kuuliza, "Mwalimu, hivi dereva mzuri ni yupi hasa?" Jibu ninalo. Nimelitoa mara nyingi hadi mdomo unalitamka wenyewe huku mimi nikiwaza mengine: afunge mkanda, atazame vioo, asikimbize gari, asiendeshe na pombe wala usingizi, aache nafasi mbele yake, amheshimu mwenda kwa miguu. Vijana wanainama, wanaandika. Mimi nasimama ubaoni na chaki mkononi, nawatazama vichwa vyao. Yote hayo niliyajua nikiwa na miaka ishirini na mitatu. Niliyajua kwa ghibu, na mtu alikufa.

Wiki mbili zilizopita nilivuka daraja kwenda ng'ambo ya mto kwenye arobaini ya Mzee Omari Mbonde, aliyenifundisha kazi hii. Watu walimwita Mzee Taratibu. Wajawazito wa Mahege walikuwa wakiulizia kwanza siku ya gari lake ndipo wapange siku ya kliniki, kwa sababu kwake mtu hakurushwa wala hakugongwa kichwa kwenye bomba. Baada ya khitma tuliketi kwenye mikeka, masinia ya pilau yakaletwa, na nyuma yangu wazee wawili wakawa wanamzungumza marehemu. "Miaka thelathini na kitu yule, gari halijamlalia ubavu hata siku moja," akasema mmoja. "Isipokuwa lile la Mahege," akasema mwenzake kwa sauti ya chini. "Ah, lile. Macho yalikuwa yamekwisha yule. Mungu amrehemu." Mkono wangu ulikuwa ndani ya sinia, tonge limeshakamilika. Nikaliacha pale pale, nikaomba maji ya kunawa.

Mwaka ninaousema ni ule ambao nguzo za daraja zilikuwa zimeshasimama mtoni na watu bado wanapanga foleni ya pantoni. Nilikuwa nimerudi kutoka Dar es Salaam na leseni mpya mfukoni na majivuno ya kumwaga. Tajiri mmoja wa Kibiti, mwenye kenta la kubeba mizigo, akanichukua niwe dereva wa pili kwa Mzee Omari. Tulikuwa na njia ya Mahege, kushuka hadi ukingoni mwa mikoko ambako mashua za deltani zilishusha boriti, nazi na samaki wakavu. Kwenda tulipeleka saruji, sukari na watu. Kurudi tulirudi na mzigo na watu vilevile. Siku ya kwanza nilirukia usukani, nikawasha, nikakanyaga mafuta ili kila mtu stendi ajue kumekuja kijana wa mjini. Mzee akanyoosha mkono wake mrefu, akazima. "Shuka," akasema. "Umeshalizunguka?" Nikashuka nikicheka, nikadhani ni mzaha. Akanizungusha gari zima, akiweka kiganja juu ya kila tairi kama mtu anayepima homa ya mtoto, akishika kila nati, akiinama kusikiliza. Tulimaliza jasho likitutoka. Kisha akasema tuzunguke tena, maana mara ya kwanza nilikuwa nimetazama watu.

Mimi sijaona tena mtu anayeendesha vile. Kwenye mchanga alishuka akapunguza upepo wa matairi, na abiria wakinung'unika wamechelewa, anawajibu, "Mtafika, si ndiyo mnachotaka?" Kwenye tope mguu wake haukugusa breki kabisa, alilisikiliza gari na kulibembeleza kwa gia. Mteremko aliushuka na gia ileile ambayo angepandia. Mvua ikijaza njia maji, alikunja suruali akaingia mwenyewe kwa miguu, akayapima hadi ng'ambo, akarudi, ndipo akawasha. Siku anazonipa usukani aliweka mbele ya kioo kikombe cha bati cha chai ya rangi. Chai ikimwagika, jioni naosha gari peke yangu. "Mguu wako una pupa, mwanangu," alikuwa akiniambia, bila hasira. Niliosha lile gari hadi majirani wakanipa pole.

Tulikaa chumba kimoja, uani kwa tajiri, chumba cha udongo chenye dirisha dogo la mbao na harufu ya grisi iliyochanganyika na ya papa mkavu. Yeye kitanda cha kamba, mimi mkeka. Chakula tulipikiwa na Bi Hadija, mama wa jirani, na baada ya magharibi alituletea sinia moja la wali wa nazi, kisamvu pembeni na perege mmoja mkubwa aliyekatwa vipande. Tulikula tukitazamana. Na kila siku, wallahi kila siku, kipande cha samaki kilichokuwa upande wa kushoto wa Mzee hakukigusa. Atakula vya kulia, atasafisha mifupa, atalamba vidole, kile cha kushoto kitabaki palepale. Nilikuwa nakichukua mimi. Nilimpenda sana kwa vile vipande vya samaki. Nikimwandikia mama barua nilimwambia nimepata mzee mwenye huruma, ananiachia kitoweo. Miezi minne nilikula kitoweo kile, sikujiuliza kitu.

Siku moja tunaingia Mahege, mwanamke kabeba ndoo ya maji kichwani, yu upande wa kushoto wa njia, mchana kweupe. Gari likawa linamfuata. Mwanzo nilidhani Mzee anamtania. "Mzee!" nikapiga ukelele, nikashika usukani kwa mkono wangu. Ndoo ilimwagika, mwanamke akaturukia kwa matusi ya Kindengereko. Mzee aliendesha hadi kituoni. Jioni ile sinia lilipokuja sikula. Nikachukua kipande cha samaki, nikakisogeza taratibu kutoka kulia kwake kwenda kushoto, nikimtazama usoni. Macho yake yalikifuata, kisha yakakipoteza. Akabaki anatazama wali.

"Unaona mpaka wapi, mzee?" nikamuuliza.

Akaweka kidole juu ya pua. "Mpaka hapa. Toka hapa kwenda kushoto ni moshi." Akanieleza kwamba alikwenda kwa daktari Dar es Salaam mwaka juzi, akaambiwa ni presha ya macho, la kushoto limekwisha kufa na la kulia linaanza kuliwa pembeni, na kilichokwenda hakirudi. Alikuwa hajamwambia mtu, hata mkewe. Nikamwambia aache kazi. "Nitaacha," akasema. "Daraja likifunguliwa tu." Nikamuuliza daraja lina nini. Akasema, "Mama yangu alikufa kule ng'ambo mimi nimekaa ukingo huu siku mbili, pantoni imeharibika. Nikiziona taa za jiko la ng'ambo. Nimesubiri daraja hili tangu ujana wangu, Rajabu. Nataka nilivuke mara moja, mimi mwenyewe kwenye usukani, nisimame mlangoni kwangu, nizime gari. Funguo nampa tajiri siku hiyohiyo. Sitaki kingine." Nikasema basi hadi siku hiyo nitaendesha mimi. Akatabasamu kidogo. "Na mimi nikae wapi? Nikikaa upande wako watu watauliza. Tajiri atauliza. Nisitiri, mwanangu."

Neno hilo ndilo lililonimaliza. Sisi watu wa huku tumelelewa kusitiriana. Ukimwona mwenzio nguo imempasukia nyuma, humwambii mbele za watu. Unatembea nyuma yake hadi mlangoni kwake, kama vile njia yenu ni moja. Mtu mzima akikosea sala, mdogo anakohoa tu. Nilifundishwa hivyo kabla sijajua kusoma, na sijutii kufundishwa, ila leo nikiwa na mvi nasema waziwazi: siku ile heshima yangu ilikuwa upumbavu. Mtu asiyeona nilimwacha kwenye usukani kwa sababu niliona haya kumshusha. Ningekwenda kwa tajiri asubuhi, Mzee angenichukia mwaka, pengine miwili. Angenichukia, na yule mtu aliyekufa, Mzee Bakari wa Mahege, angekuwa hai. Lakini nilimjibu, "Haya, mzee. Nitakusitiri."

Na njia ya kumsitiri niliibuni mimi, nikaionea fahari. Nilikaa dirisha la kushoto, na upande ule kila aliyetembea au kupanda baiskeli nilimsalimia kwa sauti. "Shikamoo, mama!" "Asalaam aleikum!" "Habari za shamba?" Sauti yangu ikipanda, Mzee ajue mtu yu karibu; ikishuka, yu mbali; nikinyamaza, kushoto hakuna mtu. Abiria hawakushuku chochote, maana salamu hazijawahi kumshangaza mtu wa huku. Kwa wiki mbili tu nikawa maarufu. Akina mama walisema kijana wa gari la Mzee Taratibu ana adabu, kalelewa. Watoto walikimbia pembeni wakisubiri zamu yao. Mzee naye akawa anageuza usukani kwa sauti yangu kama anayeona kabisa, nasi wawili tukicheka kimoyomoyo. Mwenyezi Mungu anisamehe, ile ilikuwa miezi ya furaha. Nilijiona dereva kuliko madereva wote wa Kibiti, na usukani sijaushika.

Katika niliowasalimia alikuwemo Mwajuma, aliyekuwa akiuza mandazi siku za gulio Mahege. Salamu zikawa maneno, maneno yakawa ahadi, nikamwomba mjomba wangu apeleke posa kwa baba yake, Mzee Bakari, mkulima wa korosho na mpunga, mtu wa kofia safi na maneno makali. Posa ilirudi. Hilo ningelimeza, maana posa hurudi. Lakini siku ya pili yake tulisimama Mahege, nikawa chini ya gari nakaza nati, na hatua chache pembeni watu wanakunywa kahawa. Nikamsikia Mzee Bakari. "Nimpe binti yangu yule? Mpiga kelele wa dirishani? Mwanamume mzima, kazi yake kusalimia watu njia nzima kama anayeomba kura!" Wakacheka wote. Kuna mmoja aliniigiza, "Shikamoo, mama! Shikamoo, mbuzi!" Wakacheka tena hadi wakakohoa. Mimi nimelala chali kwenye vumbi, mafuta yananidondokea shingoni, na siwezi kutoka nikajitetea, kwa sababu kujitetea ni kumvua Mzee Omari nguo hadharani. Nilibaki mle chini hadi walipotawanyika. Nikaapa kwamba yule mtu salamu yangu hataipata tena, afe nayo kiu. Ndivyo nilivyosema, afe nayo kiu.

Jioni ile Mzee Omari alikula polepole. Kipande cha kushoto siku hizo nilikuwa namwekea mimi mkononi. "Nimesikia posa imerudi," akasema. "Pole sana. Utaoa, Mungu akipenda." Nikamega tonge. "Lakini barabarani usije ukanuna, Rajabu. Mzee Bakari msalimie vilevile. Mimi simwoni kwa macho yangu, namwona kwa mdomo wako." Nikamwambia, "Ndiyo, mzee." Nilisema ndiyo na moyoni nina hapana, na nadhani aliisikia ile hapana, maana aliacha kula akanigeuzia uso wote mzima, kama afanyavyo akitaka kuniona vizuri. Kisha akanawa.

Mara mbili wiki ile tulimpita Mzee Bakari. Zote mbili alikuwa upande wa kulia, penye jicho la Mzee Omari lililobaki, nami nikatazama mbele nikiwa nimekaza taya. Hakuna kilichotokea. Nikaona kununa kwangu hakuna gharama.

Mara ya tatu ilikuwa asubuhi, mvua ya masika imekatika jana yake, nyasi zimeinama juu ya njia, madimbwi huku na huku. Gari limejaa boriti, akina mama sita juu ya mizigo wanazungumzia harusi ya mtu. Nilishasalimia wengi asubuhi ile, koo limechangamka. Tukatoka kwenye kona nikamwona mbele, upande wa kushoto, juu ya baiskeli, gunia la mpunga limefungwa nyuma, shati la kijani lililopauka, kofia nyeupe. Nilimjua kwa mgongo. Nasema nilimwona tangu yuko mbali, mbali kama toka hapa hadi msikitini, na hewa ilikuwa safi. Nilikuwa na nafasi ya kusema shikamoo mara kumi. Mdomo ukafunguka. Nikaikumbuka ile sauti, shikamoo mbuzi, nikaufunga. Nikajiambia atasikia gari atasogea. Nikajiambia akikaribia zaidi nitasema tu "Mzee, kushoto," bila salamu, nitakuwa sijavunja kiapo. Nikajiambia subiri kidogo. Mzee Omari alisikiliza kimya changu, akakiamini. Kulia kwetu palikuwa na shimo. Akalikwepa kwa kwenda kushoto, taratibu, kama alivyofanya kila kitu. Na wakati uleule Mzee Bakari akakwepa dimbwi lake.

Haikuwa sauti kubwa. Watu hawaniamini nikisema hivyo. Ilikuwa kama kuti kavu la mnazi lililoanguka juu ya bati. Kisha akina mama juu wakaanza kupiga mayowe.

Mzee alisimamisha gari, akazima, akavuta breki ya mkono. Mikono yake ilibaki kwenye usukani. "Kulikuwa na mtu?" akaniuliza.

"Sikumwona," nikasema.

Hakuniuliza mara ya pili. Akashuka, akalizunguka gari kiganja kikiwa juu ya bodi, kama tulivyolizunguka kila asubuhi, hadi kiganja kikafika mahali pa baiskeli. Akapiga magoti kwenye tope. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Mpunga ulikuwa umemwagika njiani, na Mzee Bakari amelala juu yake ubavu, macho wazi, kofia bado ipo kichwani. Alikuwa anajaribu kusema kitu. Mzee Omari akamwinamia, akamshika mkono, akamsomea shahada, na mwenzake akaifuata nusu. Ile nusu nyingine aliimalizia Mzee Omari peke yake.

Watu walipokuja na mapanga, Mzee alisimama mbele yao. "Dereva ni mimi," akawaambia. Wazee wa kijiji ndio waliomwokoa. Polisi walipotuchukua maelezo tulikuwa chumba kimoja, benchi moja. Waliweka kalamu mbele ya uso wake, wakaisogeza kushoto, na mambo yote yakajulikana pale. Kisha askari akanigeukia mimi. "Ulijua kwamba mzee huyu haoni?" Nikasema, "Sikujua." Askari akamtazama Mzee. Na Mzee, aliyenilisha miezi yote ile, aliyenifundisha kushika tairi kwa kiganja, akasema, "Kijana hakujua kitu. Nilimficha." Alinisitiri. Alifungwa mwaka na nusu. Alitoka na jicho la kulia nalo limekwisha.

Tajiri alinipa gari. Kulikuwa na nani mwingine? Daraja lilipofunguliwa nililivuka mimi, na kenta lilelile, mzigo wa saruji nyuma, watu wakipiga vigelegele njia nzima, mimi nikilia hadi sioni barabara. Mwajuma aliolewa mbali, Kilwa, na sijamwona tena. Nimeendesha miaka mingi baada ya hapo, malori, mabasi, na sijamgusa hata kuku. Wananiita dereva salama. Nimepewa vyeti, vimetundikwa pale darasani juu ya ubao, na kila asubuhi navitazama nikitafuta chaki. Mtu anaweza kujua gia, tope, mteremko, vioo na alama zote za barabarani, akawa na macho mazima mawili, na bado akaua kwa sababu ya kijineno alichosikia chini ya gari. Hilo siwezi kuliandika ubaoni.

Ng'ambo kwa Mzee nilikwenda mara mbili tu katika miaka yote hiyo. Mara ya mwisho nilimkuta barazani, kipofu kabisa, kanzu safi, anasikiliza magari yanayopita. "Hilo breki zake zinakula upande," akasema. Nilikuwa nimekwenda na maneno yangu tayari, nimeyapanga njia nzima. Tukanywa uji wa mchele. Tukazungumza mvua. Nilipoaga, akanishika mkono hakuuachia. "Rajabu, bado unasalimia watu barabarani?" Nikasema, "Nasalimia, mzee." "Wote?" Nikasema, "Wote." Akatikisa kichwa. "Vizuri," akasema, akauachia mkono. Nilifika kwenye gari nikakaa muda mrefu bila kuwasha. Maneno yangu nilirudi nayo Kibiti.

Sasa pale arobaini, nilipokwisha kunawa na kusogea penye viatu niondoke, kijana mmoja, mwenye kofia nyeupe, akanifuata. Akainama kwa adabu. "Shikamoo, mzee." Nikafungua mdomo kumjibu, na akawahi kujieleza. "Mimi ni Yusufu. Hunijui, nilikuwa mchanga. Baba yangu ni marehemu Mzee Bakari wa Mahege." Marahaba yangu sikuitoa. Sura ilikuwa ileile, hata kidevu. Alisema Mzee Omari alipotoka kifungoni alikwenda Mahege akiongozwa mkono, akaketi kwenye mkeka wao akaomba radhi, na mama yao akamsamehe. Tangu hapo kila Idi walimletea mchele. Yeye Yusufu amekua anamwita babu. "Mwaka jana nikamwambia nataka kujifunza gari. Akaniambia niende kwako, nisiende kwa mwingine yeyote. Alisema katika watu wote aliowahi kukaa nao garini, hakuna aliyekuwa anaona kama wewe. Alisema, yule hakuna mtu wa njia ya Mahege aliyewahi kumpita asimwone. Hata mmoja."

Nilishika mlango. Kwa hiyo alijua. Alijua pale pale, mikono ikiwa kwenye usukani. Alijua kwenye benchi la polisi, alijua kifungoni, alijua barazani aliponiuliza "Wote?" na kunisubiri. Miaka yote ile alikuwa ameniachia nafasi ya kusema, kama alivyokuwa akiniachia samaki, na mimi nikala tu. Na mwishowe akamtuma mtoto wa yule mtu.

Ningemwambia Yusufu pale pale. Watu walikuwa wachache, uso wake ulikuwa mpole, amesimama ananisubiri kama marehemu alivyonisubiri. Nilichosema ni, "Marahaba, mwanangu." Nilikuwa nimechelewa sana kuitikia, akacheka kidogo. Nikamwambia aje Jumatatu.

Alikuja kabla ya wenzake wote. Nikamzungusha gari mara mbili, akaweka kiganja kwenye kila tairi, akauliza maswali ya maana. Ana mkono mzuri, mguu wake hauna pupa. Tukaingia, yeye kwenye usukani, mimi dirisha la kushoto. Kabla hajawasha akanigeukia. "Mwalimu, nikuulize. Dereva mzuri ni yupi hasa?" Njia ya Mahege ilikuwa mbele yetu, kweupe, watu wanakwenda sokoni. Nilimtazama ile kofia nyeupe. Nikamwambia afunge mkanda na atazame vioo.